Mapichi ya Mkesha wa Chuseok

Msichana anayepelekwa kwa wakwe kwa mara ya kwanza hutetemeka. Mimi sikutetemeka. Nilishuka garini mbele ya lango la nyumba kuu ya ukoo wa Nam, nje kidogo ya mji wa Andong, nikiwa nimekumbatia sanduku la matunda lililofungwa kitambaa cha hariri, na moyoni mwangu hamkuwa na hofu wala furaha. Njaa kidogo, labda. Tulikuwa kwenye foleni ya magari tangu alfajiri, Seoul nzima ikirudi makwao kwa Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya mababu.

"Usiogope," mchumba wangu Gyu-hwan aliniambia, akinishika kiwiko.

"Siogopi."

"Najua. Wewe mtulivu, Hae-in. Ndiyo maana nakupenda."

Akaniangalia. Zamani macho yale yakinigusa tu nilikuwa nachanganya chumvi na sukari. Siku hizi nilikuwa nayatazama na kujisemea kwamba ni macho mazuri, basi, yanaishia hapo.

Baba yangu alifariki majira ya baridi. Sikulia msibani, sikulia tulipomzika, na nilipofungua tena mgahawa wangu kule Mangwon, Seoul, sikulia pia, ingawa kiti chake kilikuwa pale pale karibu na mlango. Watu walinisifia ujasiri. Gyu-hwan alisimama nami siku zote tatu za msiba, akapokea wageni, akawaandalia supu. Maua ya cheri yalipochanua akaniomba tuoane. Nikasema ndiyo, kama mtu anavyomwambia muuza duka, ndiyo, nitilie kwenye mfuko.

Nisieleweke vibaya. Nilikuwa nimempenda kwelikweli. Alikuwa mteja wangu wa siku za mvua, anakuja bila mwavuli, anaagiza keki za mchele kwa mchuzi wa maziwa na jibini, au ile mikate myembamba ya Kimeksiko ninayoijaza nyama ya bulgogi na kimchi, kabichi yetu iliyochachushwa, anakula mpaka mchuzi unamfika kidevuni. Mimi nyuma ya kaunta nauonea wivu mchuzi. Hayo yote niliyakumbuka vizuri. Nilichopoteza ni lile joto lake.

Na kesho yake asubuhi, siku yenyewe ya sikukuu, kulikuwa na jambo. Baba yake Gyu-hwan alikuwa ameamua kwamba wakati wa ibada ya mababu nitapewa kikombe, nimimine pombe ya mchele mbele ya meza, ukoo mzima ukitazama. Kwa watu wengine ni kikombe tu. Kwa ukoo wa Nam, ambao babu yao mkuu alikuwa msomi wa kasri enzi za wafalme na bado wanamwinamia kana kwamba yuko chumba cha pili, msichana akishamimina pale hana pa kurudi tena. Ameonyeshwa kwa wafu na kwa walio hai. Gyu-hwan ni mtoto wa kwanza wa mtoto wa kwanza, mrithi. Atakayemuoa atairithi meza ile pamoja na jiko lake, ibada baada ya ibada, mwaka baada ya mwaka, mpaka naye awe kizee wa nyumba kuu. Nililijua hilo. Nililijua kama ninavyojua kwamba Jeju ni kisiwa.

Shangazi yake Gyu-hwan ndiye aliyetupokea uani. Anaitwa Jeom-rye, mwanamke mfupi mwenye nywele zilizotiwa mawimbi magumu na ulimi usiolala. Alilipokea sanduku kwa mikono miwili, akalifungua fundo la kitambaa pale pale barazani ili wote waone mkwe mtarajiwa amekuja na nini. Kisha akanyamaza, jambo ambalo nilikuja kujua baadaye kwamba si kawaida yake.

"Mapichi," alisema hatimaye. "Mkesha wa Chuseok, kwenye nyumba ya mababu, huyu binti kaleta mapichi."

Wanawake wawili waliokuwa wakipanga vyungu waliacha kazi. Mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Gyu-hwan alinong'ona kwamba alidhani ni mapeasi, si yalikuwa yamefungwa, asamehewe. Ndipo nikaelewa, maana shangazi alinieleza kwa sauti ya kutosha kijiji kizima. Pichi hufukuza roho. Mababu wamesafiri kutoka walikotoka kuja kula na watoto wao, wakifika langoni wakisikia harufu ya pichi wanageuza. Hata mtoto wa chekechea anajua. Nikasema kwamba sisi kwetu ni watu wa kanisa, hatukuwahi kupanga meza ya ibada, nami niliyachagua kwa sababu yalikuwa ya mwisho wa msimu na yananukia vizuri.

"Kunukia ndiyo balaa lenyewe, mwanangu," shangazi akasema. "Yaani mpishi mzima wa Seoul."

Baba zake wadogo walitoka chumba cha wanaume wakamchukua Gyu-hwan, wakimpiga mgongoni, wakimuuliza habari za kazi. Aligeuka mara moja kuniangalia, akatabasamu kwa aibu, akaingia. Mimi nikapelekwa jikoni. Mama yake alikuwa pale, ameinama juu ya kikaango cha umeme, hakusema neno kuhusu mapichi. Alinisogezea mto wa kukalia na bakuli la mayai.

Tulikaanga. Anayejua mkesha wa Chuseok anajua ninachosema: boga, samaki, nyama ya kusaga, kila kipande kinachovywa kwenye unga, kisha kwenye mayai, kisha kwenye mafuta, kimoja kimoja, mpaka mgongo unakufa na nywele zinanuka. Mezani kwa mababu hakiendi kitunguu saumu wala pilipili, kwa hiyo hata harufu ya kukuchangamsha hakuna. Shangazi alijaza nafasi hiyo kwa maneno. Alisikia kule Seoul natia jibini kwenye keki za mchele, je, ni kweli? Na watu wanapanga foleni? Kupiga picha? Basi nikishaolewa nitamlisha babu mkuu jibini, msomi wa watu, aliyekufa bila kumjua ng'ombe wa maziwa. Wale wengine wakacheka. Akauliza nani atanikabidhi siku ya harusi ilhali baba hayupo. Akasema mikono yangu ni mikavu, mtu wa mikono mikavu hapati binti mzuri. Nikamjibu kila kitu kwa adabu. Ndiyo, shangazi. Hapana, shangazi. Nikageuza boga.

Kutoka chumba cha wanaume ziliendelea kuja sauti: pombe imekwisha, leteni samaki wa moto, kuna kimchi zaidi? Gyu-hwan alikuja mlangoni kuchukua sahani. Hakuvuka kizingiti. Alisimama tu pale, miale ya jua ikimwangukia begani, akanitafuta kwa macho katikati ya moshi mpaka akanipata. Alikuwa mzuri kiasi kwamba wanawake wote waliacha kusema. Akaniuliza kwa midomo bila sauti kama niko sawa, nikaitikia kwa kichwa kwamba niko sawa, akaondoka na sahani.

Mama yake alikuwa ametuona. Akazima kikaango chake, akafuta mikono kwenye aproni.

"Hae-in, beba yale mapichi. Tukayatupe nje ya ukuta kabla baba yao hajayaona."

Tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukapita magudulia ya mchuzi wa soya, mpaka nyuma ya ukuta ambako kuna mti wa persimoni na jiwe la kukalia. Niliweka sanduku chini nikaangalia pa kumwaga. Mama akaketi. Akachukua pichi moja, akalimenya kwa kidole gumba, akaling'ata. Juisi ilimtiririka mpaka kwenye kiwiko, naye hakujipangusa. Alilimaliza, akachukua la pili.

"Nilizaliwa kwenye mashamba ya mapichi, Yeongcheon," alisema. "Tangu niolewe humu sijalionja Chuseok hata moja. Keti."

Nikaketi.

"Usiolewe na mwanangu."

Nilikuwa nimelitegemea neno hilo tangu asubuhi, nikashangaa limechelewa. Nikasubiri sababu zake. Mtu wa kanisa, yatima, mwenye mgahawa, mleta mapichi.

"Naelewa, mama," nikasema. "Najua sifai kwa nyumba kama hii."

"Nani kasema hufai? Unafaa mno. Ndiyo shida yenyewe." Alitema kokwa kwenye kiganja. "Jeom-rye kakusimanga mbele ya watu kwa baba yako aliyekufa, nawe ukaendelea kugeuza boga. Hata uso hukukunja. Wote kule ndani wanasema binti ana adabu, ana subira, tumepata. Mimi nikakutazama mikono. Mafuta yalikurukia mara ngapi?"

Nikatazama mikono yangu. Kulikuwa na alama nyekundu tatu nne juu ya kifundo. Sikuwa nimesikia.

"Nilikuwa hivyo hivyo," akasema. "Baba yangu alikufa kwenye vuli, masika wakaja kunichumbia. Kila waliloniuliza nikasema ndiyo. Utaamka saa tisa usiku? Ndiyo. Utaosha miguu ya mama mkwe? Ndiyo. Walinisifu mkoa mzima. Nikaja kuzinduka siku moja nachambua samaki, watoto wawili mgongoni na tumboni, nikajiuliza, hivi mimi nilikubali lini?"

"Ulifanya nini?"

"Nilimaliza yule samaki. Ningefanya nini?"

Upepo ulitikisa majani ya persimoni. Kule ndani mtu aliita, mama wa nyumba kuu yuko wapi, supu inachemka. Hakuitika.

"Unampenda Gyu-hwan?"

Nilitaka kusema ndiyo, maana ndiyo ilikuwa karibu. Lakini mwanamke yule alikuwa ananitazama vile ambavyo hakuna mwingine aliyenitazama tangu msiba, nikaona nikimdanganya huyu nitakuwa nimemdanganya kila mtu.

"Nilimpenda," nikasema. "Sasa hivi sisikii chochote, mama. Si yeye tu. Hata chakula changu mwenyewe naonja kwa kukumbuka."

Hakukasirika. Alinipangusa mkono kwa ncha ya aproni, pale penye alama za mafuta, polepole.

"Basi kapende tena ukiwa macho, au usipende. Lakini usiingie nyumba hii umelala. Humu hakuna wa kukuamsha. Wanamtaka aliyelala."

Nilirudi uani. Nilimwita Gyu-hwan kutoka chumba cha wanaume. Nilisimama mlangoni kwao nikamwita jina lake, baba zake wadogo wakasimamisha karata zao za maua mikononi. Alitoka amevaa soksi tu. Nilimpeleka kando ya kisima.

"Nataka kitu kimoja," nikamwambia. "Ingia jikoni ukae karibu yangu mpaka tumalize."

Akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha aliangalia nyuma yake. "Leo? Wazee wote wapo, Hae-in. Unajua nyumba hii ilivyo."

"Uliniambia ukirithi utaibadilisha."

"Nitaibadilisha. Nilikuahidi na nitaibadilisha. Ila si mbele ya baba, mkesha wa sikukuu, kwa kushtukiza. Ibada ipite kwanza."

"Kesho sitamimina pombe."

Rangi ilimtoka usoni. Aliinua mkono kunishika shavu, akauacha hewani, kwa sababu tulikuwa uani na watu wanaona. Ule mkono niliutazama sana. Nilijua kwamba miezi mingi iliyopita ningeuvuta mwenyewe.

"Ni mama? Mama kakwambia kitu? Ni shangazi?"

"Hapana."

"Basi umeacha kunipenda."

"Gyu-hwan, sisikii kitu. Tangu baba afe. Wewe unaita utulivu, watu wote wanaita utulivu. Nimekaa nawe chumba kimoja miezi yote hii nikiwa nimekufa ganzi na umekuwa ukiniambia ndiyo maana unanipenda."

Machozi yalimjaa machoni, yeye ambaye hakuwa na haya ya kulia, alilia hata kwenye msiba wa baba yangu kwa niaba yangu.

"Nilidhani unapona," akasema.

Maskini. Alidhani kweli. Nilimwonea huruma kwa mbali, kama mtu unayemwona dirishani kwake, kisha nikavua pete nikamwekea kwenye kiganja. Hakukifunga kile kiganja. Alibaki ameishika pete juu ya mkono wazi huku shangazi Jeom-rye akitoka barazani kuuliza kuna nini, mbona boga linaungua.

Ni mama aliyetoa jibu. Alikuja kutoka nyuma ya nyumba ameshika funguo za gari, koti amelitupia juu ya aproni.

"Nampeleka binti stendi," akasema.

"Sasa hivi? Na samaki nani atakaanga?" shangazi akauliza.

"Mafuta yako kwenye kikaango, Jeom-rye. Moto unao."

Njiani magari yalikuwa yamejaa upande wa kuja, upande wetu barabara ilikuwa tupu. Stendi ya Andong nayo ilikuwa na watu wanaoshuka, wamebeba maboksi ya zawadi, watoto wamevalishwa hanbok, nguo za jadi, za rangi. Waliopanda kwenda Seoul walikuwa wachache, mwanajeshi mmoja na wazee wawili. Nani anaondoka kwao mkesha wa Chuseok? Mama akaniambia nikae, akaenda dirishani. Akarudi na tiketi mbili.

"Mama, niko peke yangu."

"Nyingine yangu."

Nilimtazama. Alikuwa amesimama wima, mkoba hana, viatu vya jikoni, unga wa ngano kwenye nyusi. Nikamuuliza kama mumewe anajua. Akasema hata yeye mwenyewe hakujua mpaka yule kijana wa dirishani alipomuuliza tiketi ngapi.

"Nataka nikale hiyo keki ya mchele yenye jibini," akasema. "Imetukanwa sana leo, lazima ni tamu."

Tulipanda. Alichagua kiti cha dirishani, akafunga mkanda kwa uangalifu wa mtu asiyezoea kuwa abiria. Basi lilipotoka mjini simu yake ikaanza kuita. Alisoma jina, akailaza kifudifudi pajani. Ikanyamaza, ikaita, ikanyamaza. Vilima vilipita, na makaburi juu yake yamefyekwa vizuri kwa ajili ya kesho. Mimi nilisubiri nisikie kitu, majuto au nafuu, chochote. Hakikuja. Nilikuwa nimemwacha mwanamume niliyempenda kupita wote, na kilichonisumbua ni kiyoyozi.

Kisha ikaita yangu. Ilikuwa Gyu-hwan. Mama aliliona jina, akageuka akatazama nje.

Nilipokea nikiwa tayari kwa lawama, nikasikia kelele za mafuta. Kwa nyuma shangazi Jeom-rye alikuwa akilalamika kwa sauti ya juu, mwanamume mzima, mrithi, haya makubwa, wapi yameonekana.

"Hae-in," Gyu-hwan alisema. Alikuwa anahema. "Boga linashika kwenye kikaango. Nikiligeuza linachanika. Nifanyeje?"

"Uko wapi?"

"Jikoni."

"Na wazee?"

"Wamekaa kimya wote. Baba ametoka nje amesimama langoni, sijui anamngoja mama au nini. Nimekaa hapo ulipokuwa umekaa. Mto wako bado una unga. Haya mafuta yanauma. Nilikuwa sijui kwamba yanauma hivi."

Mkono ule wenye alama za mafuta ukaanza kuwaka wote, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ukaniuma hasa, na nyuma ya maumivu hayo nikamwona baba yangu kwenye kiti chake karibu na mlango. Nilifungua mdomo kumjibu Gyu-hwan ikatoka sauti nisiyoifahamu. Nililia. Mwanajeshi wa mbele aligeuka, akajifanya hajageuka.

Mama alinitoa simu mkononi.

"Punguza moto," akamwambia mwanawe. "Usilibandue kwa nguvu. Likiiva chini litaachia lenyewe."

Nilimsikia Gyu-hwan akiuliza, mama, uko naye, mnarudi lini, Hae-in atarudi? Mama akasema hilo amuulize mwenye nalo, akanirudishia simu. Nilipangusa uso kwa aproni yake, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

"Hae-in? Utarudi?"

"Sijui," nikasema. "Kweli sijui, Gyu-hwan. Lakini usikate simu."

Hakukata. Aliiweka kando ya kikaango, na mimi nikaegemea kiti, mama mkwe ambaye si mama mkwe wangu amenishika mkono unaouma, nikawa nasikiliza mafuta yakichemka kule Andong, na shangazi akimwambia kwamba anaharibu samaki wa watu.